Saa za Matanga

Ripoti ya saa ilibandikwa ukutani asubuhi ya Ijumaa, kila mtu aone yake na ya mwenzake. Nakijwa aliisogelea. Sheria haikubagua ofisini na nyumbani: saa yenye mteja wa kuilipia iliandikwa kijani, isiyo na mteja nyekundu, na mwenye nyekundu kumi kwa mwezi hakuwa na kazi tena. Naye alikuwa ametoka kukaa matanga ya baba yake siku tatu.

Mwaka mzima wa ugonjwa alimtembelea mzee mara moja tu, nusu saa, hata chai hakuimaliza. "Nenda mwanangu," mzee alimwambia, "usije ukapata nyekundu kwa ajili yangu."

Jicho lilitua kwanza kwenye jina la Namsifu, mwenzake wa meza moja, aliyelala naye mkekani siku zote tatu akimfuta machozi. Saa zake zote zilikuwa kijani.

"Namsifu! Nani alikulipia?"

Namsifu aliinamisha kichwa. "Baba yako, dada. Alilipa kabla hajafa. Alisema siku hizi haji mtu bure."

Tusi lilimfika Nakijwa mdomoni, likaishia hapo. Alikuwa ameshafika kwenye jina lake mwenyewe. Alitafuta nyekundu za siku tatu, asizione. Saa zote alizomlilia baba yake zilikuwa kijani, na mahali pa mteja paliandikwa jina la mzee.