Kisanduku cha Kwenzi

Ilikuwa Jumamosi, tarehe nne Machi, na manyunyu yalikatika baada ya sala ya alfajiri. Bi Zuwena alipanda ngazi kusafisha kisanduku cha ndege kilichotundikwa ukutani kwake, kama afanyavyo tarehe hiyo kila mwaka. Miaka mitatu alikuwa akimwomba Mungu awarudishe kwenzi, wale ndege wa buluu waliohama miti ilipokatwa, waje kutaga humo.

Alifungua kijimlango, akavuta nyasi akidhani ni za shomoro wa mwaka jana. Kitu chenye joto kikamwangukia kiganjani. Yai. Papo hapo kwenzi akatua kwenye kamba ya nguo, akipiga kelele.

"Salaala!" alisema kwa kicheko jirani yake Chausiku, aliyeshika ngazi. "Umevunja nyumba ya watu, shoga!"

"Lakini tarehe ndiyo hii hii!"

"Kwani ndege ana kalenda?" aliuliza Ngwali, seremala aliyekitengeneza kisanduku, naye akiwa amesimama kando ya Chausiku.

Bi Zuwena hakujua alie au ashukuru. Ombi lake lilikuwa limejibiwa, naye mwenyewe kalivuruga. Alirudisha nyasi, akalilaza yai, akalitoa, kisha akalirudisha tena. Je, mama atalikubali yai lililoshikwa na mtu? Hata dua ilimpotea mdomoni.

Akafunga, akashuka. Kwenzi alikuwa bado kambani, shingo upande. Chausiku alikuwa ameacha kucheka.

"Mwenye nyumba," Bi Zuwena alimwita kwa sauti, "rudi kwako. Mashahidi wangu ni hawa wawili: sitafungua tena mlango wako bila kupiga hodi."