Ukuta Uliopewa Mdomo

Tangu miguu imkatae, Bi Siwema alibaki na ukuta wa chumbani kama shoga yake. Leo fundi Kombo alikuwa akiupa mdomo. Jabiri, mwanawe wa pekee, alikuwa anahamia mji wa mbali, akamwachia mama spika ndani ya ukuta.

"Utaringa, bibi," fundi alisema, akipangusa vumbi la saruji. "Akiongea huko aliko, unamsikia hapa kitandani."

"Na nikianguka nikamwita?"

Fundi aliacha kucheka. "Hii inasema tu. Haisikii."

"Kama marehemu baba yake."

Spika ikakoroma. Jabiri alikuwa akiijaribu kwa simu, huku anapakia masanduku garini. "Mama, usisahau dawa."

Bi Siwema alimshika fundi mkono. "Hilo tindo lako, mwanangu, linaweza kutoboa mpaka njiani?"

"Linaweza. Lakini Jabiri atanilaumu."

"Jabiri anaondoka."

Fundi aligonga chini ya spika mpaka mwanga wa nje ukaingia, mwembamba kama uzi. Bi Siwema alijikokota, akaweka mdomo kwenye tundu na kupiga hodi, yeye aliye ndani.

Nje, nyayo za mpita njia zilipunguza mwendo.