Shimo Lisilo na Namba

Nyamizi alikuwa akisahihisha ujumbe wa hitilafu katika programu ya bure ya kupimia gesi migodini, iliyotafsiriwa na watu wa kujitolea kama yeye. Ujumbe mmoja ukamshtua: "Gesi imezidi katika shimo." Katika maandishi ya asili, mwishoni palikuwa na alama ambayo kompyuta huigeuza kuwa namba ya shimo. Mfasiri aliidhani takataka, akaifuta.

Akairudisha. Kisha akakumbuka kwamba mgodi wa mjini kwao unatumia programu hiyohiyo, toleo la zamani. Akampigia mjomba wake Lukelesha, aliyekuwa zamu kwenye chumba cha mitambo.

"Mjomba, skrini inasemaje?"

"Gesi imezidi katika shimo. Tangu asubuhi, mama. Shimo lipi, haisemi. King'ora tumekizima, kilikuwa kinatupigia kelele bure."

"Watoe watu, mjomba. Mashimo yote."

"Yote? Kwa neno lako wewe? Bosi atanila mzima mzima."

"Watoe!"

Kwenye simu Nyamizi akasikia winchi ikianza kuzunguka, kamba ikilia kwa uzito. Hakuweza kujua kama ilikuwa inawapandisha watu au inawateremsha.