Springi Iliyoonekana

Mtunza stoo aliweka mezani valvu mbili za usalama: moja ya kofia wazi, inayoacha springi ionekane, nyingine ya kofia iliyozibwa. Fundi Shekue, aliyezeekea kwenye mitambo ya mvuke, siku zote alipenda ya wazi, kwa kuwa springi hupata hewa ikapoa. Ndiyo aliyokuwa ameifunga hapa kwenye kiwanda cha barafu, akasahau kwamba bomba la hapa hupitisha amonia, gesi kali ya kupozea. Shinikizo lilipozidi ikafunguka, gesi ilitokea kwenye kofia ikamuunguza macho Mwanaidi, aliyekuwa akifagia chini yake, akapofuka.

Sasa Shekue alichukua iliyozibwa. Mwanaidi, aliyekuja kufuata barua ya kuachishwa kazi, alisikia mlio wa chuma.

“Ile springi uliyokuwa ukinionyesha, fundi, na kwenye hii inaonekana?”

“Kwenye hii haionekani, dada.”

Mwanaidi akanyoosha mkono, akaipapasa kofia taratibu, pande zote, akitafuta upenyo.