Picha za Alhamisi

Mkaguzi alijibanza nyuma ya nguzo ya umeme, akavuta tumbo ndani. Ng'ambo ya barabara mkewe alikuwa amesimama mbele ya duka la miwani, kamera mkononi, akikikazia macho kioo cha dirisha kama mtu anayejitazama kabla ya kwenda harusini.

"Anajiweka sawa," alisema moyoni. "Basi huyo anayemngoja hayuko mbali."

Alikuwa amestaafu, lakini miaka thelathini na mmoja ya kukagua tiketi kwenye treni haimtoki mtu hivi hivi. Alikuwa amewanasa abiria wa bure chini ya viti na vyooni, na kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akija. Kumfuata mkewe, mkunga mstaafu wa miaka sitini na miwili, kwake kulikuwa mchezo tu. Kilichomshinda ni wivu. Ulimwingia siku mkewe alipoleta kamera nyumbani na kutangaza kuwa amejiandikisha darasa la kupiga picha, katika umri ambao wenzake wanajifunza kulala mchana.

Kila Alhamisi mkewe alitoka saa nne. Alipita njia zilezile, tena polepole, na kila baada ya majengo machache aliketi kwenye benchi akaangaza macho huku na huku. Anamngoja, mkaguzi aliwaza, huku akisugua goti lake bovu. Angalau na yeye alipata nafasi ya kuvuta pumzi.

Nyumbani hakuonyeshwa picha hata moja. "Bado," mkewe alisema kila alipoulizwa, akaifungia kamera kabatini.

Kisha siku moja akamsikia jikoni akizungumza na mwalimu wake kwa simu. "Hapana, mwalimu, mume wangu hajui kitu. Akijua tu, kwisha, yote yataharibika." Halafu akacheka. Mkaguzi hakuwa amekisikia kicheko kile tangu mtoto wao wa mwisho ahame, na ndicho kilichomchoma kuliko maneno. Alimpigia dada yake.

"Kaka, wifi anakuchezea," dada alisema. "Fungua macho."

"Yako wazi mpaka yanawasha."

Alhamisi iliyofuata, mkewe alisimama mlangoni akifunga viatu. "Mwamvuli nimekuwekea hapa. Mawingu haya siyaamini."

"Wa nini? Mimi leo niko nyumbani kutwa."

"Haya, baba watoto. Ila mwamvuli upo."

Ulikuwa mwamvuli wao wa zamani, mweusi, mpini umezungushiwa utepe wa bluu tangu ulipopasuka. Mvua ilishuka saa tano. Nyuma ya kibanda cha magazeti, mkaguzi aliufungua akajisifu kwa akili ya kuuchukua.

Wiki hiyohiyo mwaliko wa onyesho la darasa ukaletwa nyumbani. Aliusoma mara tatu. Kila mwanafunzi, ilisema kadi, amemfuatilia mtu mmoja kwa kamera kwa miezi mitatu. Mtu mmoja, na wameiandika bila haya.

"Utakuja?" mkewe aliuliza.

"Nitakosaje."

Alipanga nguo zake kwenye sanduku na kulisukumia chini ya kitanda. Angeuona uso wa mtu huyo, kisha jioni hiyohiyo angehamia kwa dada yake. Miaka thelathini na minne ya ndoa ingeishia hapo. Aliwaza hivyo usoni pakiwa pakavu.

Jumamosi ya onyesho mvua ilinyesha tena. Mkaguzi aliingia ukumbini, mwamvuli ukichuruzika maji, akawapenya watu bila kuomba njia. Mkewe alikuwa kwenye kona ya mwisho, amevaa gauni lake la kijani, mikono ameishika pamoja. Juu ya picha zake palibandikwa kadi: "Mwenzangu wa Njiani."

"Yuko wapi?" mkaguzi aliuliza, na sauti ikamkatikia katikati.

"Tazama mwenyewe," mkewe alisema. "Si wewe ndiye mkaguzi?"

Picha zilikuwa kumi na mbili. Mwanamume alikuwa mmoja katika zote, akionekana mdogo kwa mbali, ndani ya kioo cha kinyozi, ndani ya kioo cha gari, ndani ya dirisha la duka la miwani. Hapa amelishika gazeti juu chini. Hapa amejificha nyuma ya nguzo, tumbo limejitokeza upande wa pili. Katika picha ya mwisho yuko mvuani, uso hauonekani, ila mkono wake tu, na mpini wenye utepe wa bluu.

Mkaguzi aliusogeza mwamvuli wake taratibu, akauficha nyuma ya mgongo.