Maua ya Mpakani

"Mwizi ni mwizi tu, hata akiitwa mjane!" Dominiko alifoka, akielekeza fimbo yake kwenye chemchemi. "Mzee Jumbe, tazama mwenyewe. Maji haya yalikuwa kwangu. Leo yako kwa huyu mwanamke!"

Efrazia alikuwa ameketi juu ya debe lake tupu, akikwangua tope miguuni kwa kijiti. Hakuinua macho.

"Shemeji, usinifokee kama manamba wako wa Ngombezi. Mimi hunilipi."

Wazee wawili waliofuatana na Jumbe Muhidini walicheka chini chini.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa hatua mbili za ardhi, lakini ndani ya hatua hizo kulikuwa na chemchemi pekee isiyokauka kiangazi upande huo wa Mpale. Simeo, mume wa Efrazia, alipofariki, mdogo wake Dominiko alikuja kutoka ofisi ya mkonge ya Ngombezi, alikokuwa karani, na kamba, kaptura iliyopigwa pasi na maneno mengi, akaligawa shamba la marehemu. Kamba ikapita mahali ambapo chemchemi iliangukia kwake. Tangu hapo Efrazia na watoto wake wanne waliteka maji kwa kuomba. Siku karani alipoamka vibaya, hawakuteka.

Masale, ambayo kila mtu hupanda mpakani, Dominiko aliyakataa. "Masale yanang'oleka usiku," alisema. "Nataka kitu ambacho mwanamke huyu ataogopa kukigusa."

Akakumbuka maua ya Vugiri, kwenye bustani ya Mzungu ambako Efrazia alifanya kazi kabla ya kuolewa: mmea wa kutambaa, petali zake nyekundu zimesimama kama ndimi za moto, na kiazi chake kimoja kinatosha kuua ng'ombe. Kule kila mwaka memsahib alimwamuru Efrazia avichimbue viazi hivyo na kuvirudisha katikati ya tuta. Basi Dominiko akamwamuru avilete, avipande yeye, chini ya kamba. Mwenyewe alisimama mbali, kitambaa puani, kana kwamba sumu huruka kama nzi. Kisha akatangaza mbele ya Jumbe huyu huyu: "Mpaka ni maua. Maua yanapoishia ndipo shamba langu linapoanza. Atakayeyagusa na afe!"

Efrazia alimtazama siku ile kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia kanisani. Mwanamume mzima, ameandika majina ya watu mia tatu kwenye daftari, na hajui kwamba kiazi kina kichwa na mkia.

Miaka minane ilipita. Kila kiangazi mmea ulinyauka ukaonekana umekufa. Kila mvua ziliponyesha uliota tena, ukashika nyasi na vichaka kwa ncha za majani yake. Na mwaka huu ulichanua ng'ambo ya pili ya chemchemi, upande wa Dominiko.

"Ameyahamisha usiku!" alisema Dominiko.

Jumbe alichutama, akachoma udongo kwa ncha ya bakora. Majani ya zamani yalikuwa yamefungamana kama mkeka.

"Hapa jembe halijapita, Dominiko. Si usiku, si mchana."

"Basi kafanya uganga."

"Karani mzima!" Efrazia alisema. "Kesho utaniambia nimepaa kwa ungo."

Safari hii wazee walicheka waziwazi. Dominiko alivimba shingo.

"Mama Efrazia," Jumbe alisema, "umeyahamisha maua haya?"

"Naapa kwa kaburi la Simeo. Siku niliyoyapanda, nanyi mkinitazama, ndiyo siku ya mwisho mkono wangu kuyagusa."

"Na wewe, Dominiko?"

"Mimi? Niishike sumu ile?"

"Basi hakuna aliyeyagusa. Na mpaka ni maua. Hayo si maneno yangu, ni yako, na niliyasikia kwa masikio yangu." Jumbe aliinuka, akajipangusa magoti. "Chemchemi ni ya mama huyu. Nimemaliza."

"Mzee, bado jambo moja," Efrazia alisema. "Nimechoka kuitwa mwizi. Leo hii tupande masale kwenye mstari huu, na haya maua niyang'oe. Mjukuu wangu ameanza kutambaa na kila kitu anatia mdomoni."

"Una akili. Fanyeni sasa hivi."

Mzee mmoja alikwenda kwake akarudi na mzigo wa masale. Kabla jua halijafika utosini yalikuwa yamesimama mpakani, kutoka njiani mpaka bondeni. Dominiko alitazama kutoka mbali, kitambaa kimerudi puani. Wengine nao walisogea kivulini, maana hakuna aliyetaka kuwa karibu na viazi vile.

Efrazia alipiga magoti peke yake, akachimba.

Vilitoka kimoja kimoja, virefu, vimepinda kama vidole. Nyuma ya kila kiazi palikuwa na ganda kavu la mama yake wa mwaka jana. Mbele, jicho moja la kuchipulia kiazi cha mwakani. Na macho yote, mstari mzima, yalitazama kwa Dominiko, kama Efrazia alivyoyalaza miaka minane iliyopita.