Mwanga Ndani ya Busha

Daktari alifunga madirisha mchana kweupe, chumba kikawa giza. Makame alilala chali, shuka limepandishwa, busha lake likiwa kubwa kama papai. Kwa miaka mingi aliamini nduguye Shaame ndiye aliyemtumia jini la kumletea busha hilo, na tangu hapo hakumpa hata salamu.

“Kama ni maji, mwanga utapita,” daktari alisema. “Tutakupasua kesho, utapona. Mwanga usipopita, ni uvimbe mbaya.”

“Na kama ni jini?”

“Mzee wangu, waliokuletea haya ni mbu.”

Aliwasha tochi, akaigandamiza chini ya busha. Lote likawaka, jekundu, na ndani yake kukapita kivuli chembamba, polepole.

“Maji matupu,” daktari alisema.

Mkewe Mize, aliyesimama kando ya kitanda, alicheka kwa faraja. “Umesikia, Baba Nasra? Leo leo ukamwombe radhi Shaame.”

Makame aliinua kichwa. “Kile kivuli mmekiona?”

“Kivuli gani?” Mize aliuliza.

Daktari akazima tochi. Gizani, ule wekundu ulichelewa kuzimika, na karibu na sikio la Makame mbu akaanza kulia.